Nukta nyekundu ikigoma: tatizo liko kwenye darubini, kiti au jicho?

Mwezi wa nne, masika yamechachamaa, mzee mmoja wa Kibamba, Dar es Salaam, alinipigia simu jioni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka, kisha hakuzunguka: "Mwanangu, ile darubini uliyonishauri imekufa. Risasi zinakwenda zinakotaka."

Haikuwa imekufa. Tulipokutana uwanja wa shabaha Jumamosi, niliishika kwa vidole viwili nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Skrubu ya kiti, kile kipande kinachoishika juu ya bunduki, ilikuwa imelegea. Mzee alikuwa ameshateketeza risasi 40 na kuzungusha kliki, zile skrubu za kuhamishia nukta, mpaka zikafika mwisho upande mmoja, akitibu ugonjwa ambao haukuwepo. Tulitumia asubuhi nzima kurudisha vitu mahali pake.

Tangu siku hiyo nikiulizwa habari ya hizi darubini za bei nafuu najibu kwa swali: umekikagua kiti? Mara nyingi kinacholaumiwa ni darubini, na chanzo ni kiti, betri au jicho la mwenye bunduki. Na kosa linalogharimu kuliko yote ni kugusa kliki kabla hujajua kinachosumbua.

Tukubaliane majina kwanza. Darubini ya nukta nyekundu ndiyo ile ambayo wapigaji wengi huita redidoti. Mke wangu aliposikia neno hilo mara ya kwanza alidhani naongelea doti ya kanga nyekundu, na akataka kujua ni ya nani. Kile chuma chenye meno kilicho juu ya bunduki nitakiita reli. Kipande kinachobeba darubini na kubana reli nitakiita kiti.

Ndani yake hakuna maajabu. Kuna taa ndogo sana inayorusha mwanga mwekundu kuelekea kioo cha mbele. Kioo kimepakwa utando unaoakisi rangi hiyo nyekundu na kupitisha nyingine, ndiyo maana ukitazama kupitia humo dunia inakuwa na rangi ya bluu au kijani kidogo. Mwanga ukirudi kwenye jicho lako unakuja sambamba, kama umetoka mbali, na jicho linaiona nukta ikiwa juu ya shabaha. Si leza, hakuna mwale unaotoka kwenda mbele. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ndiyo iliyotoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975, na hizi za bei nafuu za leo zinafuata wazo hilohilo. Zilipopunguziwa gharama ni kwenye skrubu, springi, oringi (pete za mpira za kuzuia maji) na utando wa kioo, na ndiko matatizo yanakotokea.

Kabla ya kushika spana

Toa magazini, fungua chemba, tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Risasi ziwe chumba kingine kabisa. Mtu anayefunga darubini anaishika bunduki kwa namna ambazo hangeishika siku nyingine: anaigeuza, anaielekeza kwake, anachungulia kutoka mbele.

La pili ni la hapa kwetu. Bunduki iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na leseni yako. Ukitaka kuagiza darubini kutoka nje, uliza kwanza ofisi ya polisi iliyoshughulikia leseni yako, mzigo usije ukakwama bandarini au uwanja wa ndege nawe ukabaki kueleza ni kitu gani. Ukihitaji fundi wa mtaa wa Gerezani akuchongee kipande au akutolee skrubu iliyokatika ndani ya kiti, mpelekee kiti peke yake. Bunduki haipandi daladala kwenda Kariakoo. Na kama kazi inagusa bunduki yenyewe, kama kutoboa tundu ili ufunge reli, hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye kibali.

Kununua: mambo machache tu

Uliza kwanza kama darubini imetengenezwa kwa bunduki ya risasi au kwa bunduki za mchezo zinazotema vigololi vya plastiki. Kwa sura zinafanana kabisa, na kwenye picha za mtandaoni huwezi kuzitofautisha. Ile ya mchezo haijajengwa kuvumilia mshindo. Kwenye bunduki ya risasi ndogo za .22 inaweza kudumu kwa muda; kwenye ya risasi kubwa za .308 unaweza kuipoteza kabla ya magazini ya pili. Usidharau bunduki ya upepo ya springi pia. Ile inapiga mshindo nyuma kisha mbele, na imeshaua darubini nyingi zilizovumilia risasi.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe. MOA 1 ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100, na nusu yake kwa mita 50. Nukta ya MOA 2 basi inafunika karibu sentimita 6 ukiwa mita 100; ya MOA 6 inafunika zaidi ya 17, yaani karibu sahani nzima ya chai. Kwa bunduki ya kulenga karatasi, mimi nachukua 2 au 3.

Tazama na muda wa betri. Bushnell TRS-25 hutangazwa kwa saa 3,000; SIG Romeo5 na Holosun kadhaa hutangazwa kwa saa 50,000 au zaidi kwenye mwanga wa wastani. Nyingi za kundi hili la pili hujizima zikitulia na kuwaka zikitikiswa. Kwa mtu anayesahau kuzima taa ya choo, hilo lina thamani kuliko umbo zuri.

Ukinunua mkononi, usiikubali kwa kuwa inawaka tu. Washa, itazame kwenye ukuta mweupe, igonge kwenye kiganja mara tatu nne, tazama tena. Zungusha kliki zote mbili uone kama nukta inatembea taratibu au inaruka. Pindua uangalie skrubu: vichwa vilivyoliwa vinakwambia kuna mtu ameshahangaika nayo kabla yako.

Haiwaki kabisa

Anza na betri, hata kama ni mpya. Nyingi hutumia CR2032, ile ya kitufe. Namba hiyo ina maana: milimita 20 upana, 3.2 unene. Jirani yake CR2025 ina upana uleule na unene wa 2.5, na ukiiweka inaingia bila ubishi. Tofauti ni milimita 0.7, ila inatosha kuifanya isiguse vizuri. Nimewahi kuuziwa 2025 dukani kwa maneno ya "hizo ni zilezile, bosi". Si zilezile.

Angalia pia kama bado ina kile kiplastiki chembamba cha kiwandani, na kama upande wa jumlisha umetazama unakotakiwa. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: baadhi ya betri za kitufe hupakwa dawa chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Utando huo unaweza kuzuia umeme kwenye vifaa vyenye mguso mdogo. Pangusa betri kwa kitambaa chenye spiriti, pande zote mbili, ijaribu tena.

Kama una mita ya umeme, betri nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma 2.7, itupe. Usiiamini sana mita hata ikisoma vizuri, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha 3 ikiwa haina mzigo kisha ikaporomoka ukiwasha taa. Betri nyingine kutoka duka lingine ndiyo kipimo cha kweli.

Bado giza? Fungua kifuniko uchungulie chini ya kurunzi. Kwa sisi tunaoishi Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi, popote upepo wa bahari unapofika, chumvi hupenya. Utaona vumbi la kijani au jeupe kwenye mguso wa shaba. Mswaki mkavu, kisha spiriti, kisha uache ukauke. Usikwangue kwa kisu, utaondoa rangi ya juu na kutu itarudi kwa hasira.

Na kabla hujatangaza msiba, panda namba za mwanga hadi mwisho. Darubini nyingi zina namba za chini kabisa zilizotengwa kwa miwani ya kuonea gizani, ambazo jicho tupu mchana halizioni. Nimeona mtu akirudisha darubini dukani kwa sababu hiyo. Ilikuwa inawaka muda wote.

Inawaka, ukipiga inazima

Mshindo unaitikisa betri ikaachana na mguso. Kagua kama kifuniko kimekazwa hadi mwisho kwa sarafu na si kwa ukucha. Kisha kagua ulimi wa shaba unaobonyeza betri. Ukiwa umelala, uinue kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha mbao. Nusu milimita inatosha. Ukiuvunja, kazi imekwisha.

Ikiendelea kuzima hata baada ya hapo, na hasa ikizima ukiigonga kwa kidole bila kupiga, kuna waya au bati la ndani lililoachia. Fundi simu mwenye mkono mtulivu anaweza kuunganisha, ila kwa darubini ya bei nafuu mimi sishauri. Akiifungua, hewa yetu yenye unyevu inaingia, na mwezi ujao utakuwa unasoma sehemu ya ukungu huko chini.

Nukta si duara: ina mkia, au imechanua kama nyota

Hapa ndipo darubini nzima hutupwa bure. Kabla hujasema kioo kibovu, chukua simu. Weka kamera nyuma ya darubini, gusa kioo cha simu ili ilenge mbali, piga picha. Kama kwenye picha nukta ni duara safi, tatizo ni jicho lako. Hakuna aibu humo. Watu wengi wana jicho ambalo pindo lake la mbele halikupinda sawasawa pande zote, hawajui mpaka siku wanapotazama nukta ya mwanga.

Njia nyingine haihitaji simu. Tazama nukta, kisha inamisha kichwa polepole kama unayesikiliza jambo begani. Mkia ukizunguka pamoja na kichwa, ni jicho. Ukibaki palepale, ni darubini.

Kama ni jicho, punguza mwanga kwanza, maana nukta kali kupita kiasi huchanua kwa kila mtu. Ukihitaji zaidi, mwone mtaalamu wa macho. Miwani sahihi huirudisha nukta kuwa nukta. Kuna pia ujanja wa kuangalia kupitia tundu la kilengeo cha chuma cha nyuma, kama bunduki yako inacho na urefu unalingana: tundu dogo hukata mwanga wa pembeni na umbo hukaa sawa. Mzee wa Kibamba alikuwa na tatizo hili pia, na hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu yake mwenyewe. Alinyamaza, akasema, "Kumbe taa za magari sivyo zilivyo kama nilivyoziona miaka yote hii."

Kama kwenye picha pia ina mkia, safisha vioo. Puliza vumbi kwanza, halafu kitambaa laini cha miwani. Pindo la kanga lenye vumbi la uwanjani litachora kioo, na mchoro hausafishiki.

Jua la saa saba linaimeza

Kwenye mchanga mweupe, jua la utosi la Januari, nukta hafifu haionekani. Hilo ni suala la uwezo wa taa na halina tiba zaidi ya kupandisha mwanga. Ila kama jana ilionekana na leo haionekani kwa namba ileile, ni betri inakwisha. Jua likiwa nyuma yako linaweza pia kupiga kioo cha mbele kutoka ndani na kuosha kila kitu; sogea hatua mbili pembeni kabla ya kulaumu mtu.

Na usiache bunduki wala darubini kwenye gari lililoegeshwa juani. Achana na joto linaloua betri; silaha haiachwi kwenye gari, basi.

Risasi zinatawanyika

Hii ndiyo simu ninayopigiwa zaidi, na ndiyo inayohitaji subira. Fuata mpangilio huu na usiruke, kwa sababu kila hatua ukiiruka inakudanganya katika inayofuata.

Kwanza usiguse kliki. Nasema tena kwa sababu vidole huwasha.

Hakikisha kiti na reli vinaoana. Kuna reli pana yenye mifereji, upana wake kama milimita 21. Ile ya kijeshi ya Picatinny ina mifereji ya milimita 5.2 iliyopishana kwa sentimita 1 sawa, kutoka katikati hadi katikati. Ile ya kale ya Weaver ina mifereji myembamba zaidi, kama milimita 4.6, na hupishana kila mtengenezaji anavyotaka. Kiti cha Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Cha Picatinny kwenye Weaver mara nyingi hugoma kuzama, na mtu akikikaza kwa nguvu hukaa juu ya ukingo kama kuku juu ya waya. Bunduki nyingi za .22 na za upepo zina reli nyembamba ya milimita 11 isiyo na mifereji kabisa, na hapo unahitaji kiti chake. Kama una vernia kalipa ya enzi za fizikia ya sekondari, leo ndiyo siku yake.

Sasa kifungue kiti chote. Pangusa reli, kucha za kiti na nyuzi za skrubu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mafuta ya kiwandani humo ndani ndiyo yanayolegeza skrubu taratibu bila wewe kujua. Weka kiti kwenye mfereji, kisha kabla ya kukaza kisukume mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, mpaka ile nondo inayokatiza chini ya kiti iguse ukuta wa mfereji. Sababu ni hii: bunduki inaporudi nyuma kwa mshindo, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki ilipokuwa, kwa hiyo ni kama inasukumwa mbele. Ukiacha nafasi, kila risasi inaisogeza kidogo. Ukiifunga ikiwa tayari imegusa, haina pa kwenda.

Tia tone dogo la gundi ya nati ya bluu kwenye uzi wa skrubu, dogo kama punje ya mtama. Ya bluu, si nyekundu. Nyekundu hutaka moto ili ifunguke, na moto karibu na darubini ya plastiki na oringi ni maafa. Kaza kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, kama unavyokaza nati za tairi. Fuata nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na darubini. Kama huna spana ya kupimia, shika ile spana ndogo ya L kwa ncha fupi na ukaze kwa vidole viwili mpaka ikatae. Usiongeze mkono mzima. Skrubu hizi ni ndogo na nyingine ni chuma laini. Zinakatika bila kulia.

Halafu rangi ya kucha. Chora mstari mwembamba unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu kuingia kwenye kiti, na mwingine kutoka kiti kuingia kwenye reli. Acha ikauke usiku kucha. Siku ya uwanjani hutahitaji kukisia: mstari ukivunjika au ukipishana, kitu kimesogea, na unakiona. Mimi hutumia nyekundu ya binti yangu, naye hunidai chupa mpya.

Usisahau reli yenyewe. Kwenye bunduki nyingi reli imefungwa kwa skrubu zake, na watu hukaza kiti cha juu wakati sakafu ya chini inatikisika. Epuka pia kuweka darubini nusu kwenye reli ya mwili wa bunduki na nusu kwenye ile ya kishikio cha mbele, kwa kuwa kishikio, hasa cha plastiki, huhama ukikiegemeza. Reli inayokaa juu ya bomba linalopitisha gesi ya baruti inapata moto. Darubini dhaifu huko haidumu.

Sasa piga. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mita 50, risasi tano za boksi moja, nukta palepale kila mara. Usirekebishe chochote kati yake. Ukipata kundi la risasi zilizokaa pamoja, hata kama ziko mbali na kitovu, shukuru: darubini inashika, kilichobaki ni kliki. Kama zimetawanyika bado, na mistari ya rangi haijavunjika, vua darubini upige tano nyingine kwa vilengeo vya chuma. Zikitawanyika vilevile, darubini haina hatia. Tafuta aina nyingine ya risasi; .22 hasa huchagua risasi kama mtoto anavyochagua mboga. Au mpe bunduki mtu mwingine apige tano, bila kumwambia unachotafuta.

Kuna kitu kimoja cha katikati kinachochanganya watu. Wauzaji husema popote jicho lilipo, risasi inafuata nukta. Ni karibu kweli, si kweli kabisa. Weka bunduki isitikisike, nukta juu ya shabaha mita 25, kisha sogeza kichwa polepole kushoto, kulia, juu, chini bila kuigusa bunduki. Kwenye darubini za bei nafuu utaona nukta ikitembea kidogo juu ya shabaha, hasa inapokaribia ukingo wa kioo. Ikitembea sentimita moja au mbili, dawa ni kuweka shavu mahali pamoja na nukta katikati ya kioo. Ikitembea upana wa kiganja, irudishe ulikoinunua.

Kundi zuri, mahali pabaya

Hii ni hesabu tu. Darubini nyingi za kundi hili huhama MOA 1 kwa kliki, nyingine nusu. Soma kwenye kifuniko. Kwa MOA 1, kliki moja ni kama sentimita 1.5 ukiwa mita 50, na kama 0.7 ukiwa mita 25. Kundi likiwa sentimita 6 kushoto na 3 chini kwa mita 50, unahitaji kliki 4 kulia na 2 juu. Pima kutoka katikati ya kundi, si kutoka kwenye ile risasi moja iliyokukera.

Mshale wa "juu" kwa kawaida unaonyesha risasi itakakokwenda. Kwa kawaida. Kwenye kitu cha bei ya chini hakikisha kwa kuzungusha kliki kumi na kupiga risasi mbili. Utajua ukweli bila kubishana na karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa vibaya.

Umezungusha na hakuna kilichohama, kisha ghafla kundi likaruka? Springi ya ndani imenata. Pita unakotaka kwa kliki tatu, rudi tatu, halafu gonga darubini taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Ukifanya hivyo kila unaporekebisha, inatulia. Ikizoea kuruka, haitaacha.

Kliki zimekwisha na bado uko mbali

Ndiko alikofika mzee. Irudishe katikati kwanza: zungusha mpaka mwisho mmoja, hesabu kliki mpaka mwisho wa pili, rudi nusu. Fanya hivyo kwa juu-chini na kwa kushoto-kulia. Kisha funga kiti upya kama nilivyoeleza na upige. Mara nyingi utakuta umekaribia, kwa sababu kilichokuwa kimepinda ni jinsi kiti kilivyokaa.

Kama kushoto-kulia bado haitoshi, tazama kutoka nyuma kama kiti kimekaa mshazari juu ya reli, au kama ni kiti cha ubavuni, cha zile bunduki zinazobeba darubini kwa kando, kama kucha zake zimeliwa.

Kama ni juu-chini, kipande chembamba cha bati chini ya kiti kinasaidia. Bati la kopo la soda lina unene wa kama milimita 0.1. Linaonekana si kitu, ila chini ya nyuma ya kiti chenye urefu wa sentimita 4 linainua risasi kwa zaidi ya MOA 8, yaani kama sentimita 12 ukiwa mita 50. Nyuma likipandisha, mbele linashusha. Kipande kimoja, kilichokatwa sawa na kusuguliwa kingo. Ukijikuta unahitaji vitatu, kiti ni kibovu.

Mita 50 safi, mita 5 chini, mita 100 chini zaidi

Hakuna kilichoharibika. Darubini imekaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, kwa hiyo karibu sana risasi inapiga chini ya nukta kwa kiasi hichohicho, tano au sita tuseme. Mbali, mvuto wa dunia unadai chake. Risasi ya .22 ya kasi ya kawaida iliyowekwa sawa kwa mita 50 hushuka kama sentimita 15 hadi 20 ikifika mita 100. Piga karatasi kwenye umbali wako wote, uandike ndani ya kifuniko cha boksi, usahau kliki.

Ukungu

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi baada ya saa mbili za foleni ya Morogoro Road, ukafungua begi kwenye hewa ya Dar, vioo vitatoa jasho kama chupa ya soda. Subiri robo saa. Ukiweza kuufuta kwa kitambaa, uko nje na si tatizo.

Usipofutika, uko ndani. Darubini nzuri hujazwa nitrojeni kavu na kufungwa kwa oringi. Ya bei nafuu wakati mwingine imeandikwa hivyo tu. Ondoa betri, acha kifuniko wazi, iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Kusanya kumi. Wauza viatu wa soko la Karume hutupa chini, ukiomba wanakupa. Siku tatu, nne. Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye nyuzi na kwenye kliki. Ikikauka, paka oringi ya kifuniko cha betri grisi ya silikoni kidogo, funga, na kila baada ya safari ya mvua irudi kwenye chombo hichohicho.

Ya mzee wa Kibamba inakaa humo mpaka leo, kwenye kopo la siagi lililoandikwa kwa kalamu ya wino: SI YA KULA.